Kusafiri na Bunduki ya Upepo: Ndege, Gari, Kifurushi au Kuiacha Nyumbani

Mtu anayemiliki bunduki ya upepo, yaani inayorusha risasi kwa nguvu ya hewa au gesi badala ya mlipuko wa baruti, kwa ajili ya kulenga shabaha, kuwinda wanyama wadogo au kushindana, akipanga safari huwa na njia nne mbele yake: kuipakia kwenye ndege, kuiweka kwenye buti la gari, kuituma mbele kama kifurushi, au kuiacha nyumbani na kutumia nyingine huko aendako. Watu wengi huzilinganisha njia hizi kwa gharama na usumbufu, ilhali tofauti kubwa kati yake ni ya kisheria. Hiyo ndiyo ninayoipima hapa, kwa sababu kosa la mpakani linaweza kumfikisha msafiri mahakamani katika nchi ambayo hana hata jamaa wa kumtafutia wakili.

Mahali pengi bunduki ya upepo inauzwa bila leseni kwa kuwa sheria haiihesabu kuwa silaha ya moto, na mwenye nayo huchukulia kwamba kitu kisichodaiwa leseni ni chepesi kusafiri nacho. Hali halisi ni kinyume cha hivyo. Silaha ya moto ina leseni, namba iliyosajiliwa na, katika nchi nyingi, utaratibu wa kibali cha muda kwa mgeni. Bunduki ya upepo iliyonunuliwa kwa risiti ya dukani haina karatasi yoyote ya kumwonyesha ofisa wa forodha, na ikiingia mahali inapohesabiwa kuwa silaha kamili, mwenyewe anageuka papo hapo kuwa mtu aliyekutwa na silaha isiyo na kibali. Nia yake njema itasikilizwa baadaye, pengine mbele ya hakimu.

Bunduki ileile, sheria tofauti

Nchi nyingi hupima bunduki za upepo kwa nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu, na kipimo chake ni juli. Tuchukue bunduki ndefu inayorusha risasi ya gramu 0.55 kwa mwendo wa mita 240 kwa sekunde. Ukizidisha nusu ya uzito, ukiuandika kwa kilo, kwa mraba wa mwendo, unapata takriban juli 15.8. Katika England na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyozidi juli 16.27 inamilikiwa na mtu mzima bila cheti, na bastola ya upepo isiyozidi juli 8.13 vivyo hivyo. Bunduki yetu imo ndani ya mipaka. Lakini ukiendesha gari kuelekea kaskazini na kuingia Scotland, sheria iliyoanza kutumika tarehe 31 Desemba 2016 inadai cheti kwa bunduki yoyote ya upepo inayozidi juli 1, na mgeni anatakiwa kuwa na kibali cha mgeni. Barabarani hapo hakuna kizuizi wala ofisa wa kukuuliza, bali kibao tu cha kukukaribisha. Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland nazo zinaihesabu bunduki ya zaidi ya juli 1 kuwa silaha inayohitaji cheti.

Upande wa pili wa bahari, Ufaransa inaruhusu mtu mzima kuwa na bunduki ya namna hiyo bila kuiandikisha ikiwa haijafikia juli 20, ingawa anayesafiri nayo anatakiwa awe na sababu halali. Ujerumani imeweka kikomo cha juli 7.5, na bunduki inayoruhusiwa bila leseni hutambulika kwa alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano iliyochongwa kwenye chuma chake. Bunduki yetu ya juli 15.8 imezidi kikomo hicho zaidi ya mara mbili. Dereva anayetoka England kupitia Ufaransa hadi Ujerumani anakuwa raia mwema katika nchi mbili za kwanza na mtuhumiwa katika ya tatu, bila kubadilisha hata skrubu moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuchagua bunduki dhaifu. Hebu tuipime na hiyo. Bunduki ya mashindano ya kulenga shabaha kwa umbali wa mita 10, inayorusha risasi ya nusu gramu kwa mita 170 kwa sekunde, ina nguvu ya juli 7.2 hivi, na kwa hiyo inapita chini ya kikomo cha Ujerumani. Kanada, hata hivyo, inatazama mambo mawili kwa pamoja: mwendo unaozidi mita 152.4 kwa sekunde na nguvu inayozidi juli 5.7. Bunduki hiyo ya mashindano inavuka vyote viwili, na Kanada inaihesabu kuwa silaha ya moto. Wakati huohuo, bastola ya upepo iliyo dhaifu kabisa, lakini iliyoundwa ifanane barabara na bastola halisi, inaweza kuangukia katika kundi la vifaa vya kuigiza vilivyopigwa marufuku Kanada, ambavyo mtu wa kawaida haruhusiwi kuviingiza nchini humo. Kwa hiyo ile yenye nguvu ina mlango wa kupitia, kwa kuwa mgeni anaweza kujaza tamko la silaha mpakani, na ile dhaifu haina mlango wowote. Sijaona mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba udhaifu wa bunduki si kinga ya msafiri.

Australia inaiweka bunduki ndefu ya upepo katika kundi la silaha zinazohitaji leseni. Nchini China kikomo ni juli 1.8 kwa kila sentimita ya mraba ya mdomo wa mtutu, na bunduki yetu ya mashindano inakipita zaidi ya mara 20. Mwaka 2016 mwanamke mmoja mjini Tianjin, aliyekuwa akiendesha kibanda cha kulenga maputo kando ya barabara, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu kwa sababu baadhi ya bunduki zake za mchezo zilizidi kipimo hicho. Mahakama ya rufaa ililegeza adhabu hiyo Januari 2017 na kuifanya kuwa kifungo cha nje, lakini hatia ilibaki. Huyo alikuwa mwenyeji. Mgeni asitegemee kwamba ugeni wake utamfanya aeleweke haraka zaidi.

Kwa ndege

Ubora wa ndege kisheria ni kwamba inamlazimisha msafiri ajitangaze. Kanuni za usalama wa anga za Umoja wa Ulaya zinataja waziwazi bunduki za hewa iliyogandamizwa na za gesi ya kaboni miongoni mwa vitu visivyoingia kwenye chumba cha abiria, na Marekani nayo inazikataza kwenye mkoba wa mkononi. Njia inayobaki ni mzigo unaokabidhiwa na kupakiwa tumboni mwa ndege, na hapo ruhusa ya shirika la ndege inahitajika. Ruhusa hiyo iombwe kwa maandishi kabla ya siku ya safari, kwa kuwa mhudumu wa kaunta ana haki ya kukataa mzigo asioufahamu, na barua pepe iliyochapishwa yenye jina la shirika lake humsaidia yeye pia.

Sanduku likifunguliwa kaunta, mambo yazungumze yenyewe. Bunduki ilale katika sponji iliyokatwa kwa umbo lake, uzi mnene wa rangi ya chungwa ukiwa umepita ndani ya mtutu wote, ukitokeza nyuma kwenye chemba na mbele mdomoni, ili yeyote aone bila kugusa kwamba hakuna risasi ndani. Mtungi wa hewa uwe umetolewa kwenye bunduki na kulazwa kando, na mshale wa kipimo chake umelala kwenye sifuri. Risasi ziwe katika kopo lake lililofungwa. Sanduku liwe gumu na liwe na kufuli.

Mtungi huo ndio kikwazo ambacho wengi hawakitarajii, na hapa aina ya bunduki inaamua mengi. Bunduki ya springi haina gesi yoyote na ndiyo nyepesi kuipitisha. Bunduki inayotumia mtungi wa hewa hujazwa kwa mgandamizo wa bari 200 hadi 300, na hakuna shirika makini litakalopakia mtungi uliojaa kiasi hicho. Marekani inakwenda mbali zaidi, kwani inataka vali itenganishwe kabisa na mtungi, na mtungi uwe wazi upande mmoja ili mkaguzi aone ndani. Mitungi mingi ya bunduki za mashindano haikuundwa ifunguliwe na mwenyewe, hivyo mmiliki awe na fundi wa kumfungulia kabla ya kwenda na wa kumfungia akifika, au aombe mtungi wa kuazima huko. Vichupa vidogo vya gesi ya kaboni ninashauri viachwe nyumbani na vinunuliwe mwisho wa safari. Ipo pia aina ya bunduki ambayo badala ya springi ina pistoni ya gesi iliyofungwa kiwandani. Kwa sura inafanana na ya springi, lakini gesi yake haitoki, na ni lazima shirika la ndege lielezwe hivyo mapema.

Hatari kubwa zaidi ya ndege imo katika kiwanja cha kati, pale msafiri anapobadilisha ndege. Maadamu mzigo unahamishwa na wahudumu bila yeye kuupokea, kwa kawaida mambo hupita. Ndege ikichelewa na yeye akakabidhiwa mzigo wake ili alale hotelini, amekuwa mmiliki wa bunduki katika mamlaka, yaani nchi au jimbo lenye sheria zake, ambayo hakupanga kuingia. Mwaka 2005, nchini Marekani, msafiri aliyetoka Utah kuelekea Pennsylvania alikwama Newark, New Jersey, akachukua mizigo yake na kulala hotelini. Asubuhi alipokwenda kaunta kutangaza bastola yake kama sheria inavyotaka, alikamatwa na kuwekwa rumande siku kadhaa. Mashtaka yaliondolewa, lakini kesi aliyofungua kudai haki yake ilishindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2010. Hiyo ilikuwa bastola ya moto. Tunaloliona sasa ni kwamba sheria ya New Jersey inaiweka na bastola ya upepo katika kapu moja nayo, na kuibeba bila kibali ni kosa la jinai la daraja la tatu, ambalo kifungo chake ni kati ya miaka mitatu na mitano.

Kwa gari

Gari linavutia kwa sababu hakuna anayekuuliza. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloifanya njia hii kuwa ya hatari kuliko inavyoonekana: msafiri anakuwa wakili wake mwenyewe katika kila kilomita, na anagundua kosa lake pale tu polisi anaposimamisha gari kwa jambo jingine kabisa, taa iliyoungua au mwendo wa kasi.

Marekani inatoa somo zuri. Sheria ya shirikisho haiihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha ya moto, kwa kuwa haitumii mlipuko kurusha risasi. Wengi huishia hapo wakafunga safari. Lakini majimbo na miji ina sheria zake. Illinois inaichukulia bunduki ya upepo kuwa silaha inayohitaji kitambulisho maalumu pale inapovuka vipimo vya kipenyo na mwendo vilivyowekwa. Jiji la New York linakataza kuwa nayo bila leseni. Na mtu anayevuka Mto Delaware kutoka Pennsylvania kuingia New Jersey amekwisha kuingia kwenye sheria niliyoitaja hapo juu. Ipo sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita kwenye jimbo kali akitoka na kwenda mahali ambapo silaha yake ni halali, mradi haina risasi na haifikiki kwa mkono. Ulinzi huo umeandikwa kwa ajili ya silaha ya moto kama sheria ya shirikisho inavyoitafsiri, na tafsiri hiyo haiigusi bunduki ya upepo. Yaani mwenye bunduki halisi ya kuwindia anaweza kuusimamia ulinzi huo mahakamani, na mwenye bunduki ya upepo pembeni yake hana hakika nao.

Ulaya inafanana. Pasi ya silaha ya Ulaya, ambayo mwindaji huibeba anapovuka kutoka nchi moja ya Umoja hadi nyingine, inahusu silaha zinazorusha risasi kwa mlipuko. Bunduki ya upepo imeachiwa sheria ya kila nchi. Ninalirudia jambo hili kwa makusudi, kwa sababu ni hapa watu waangalifu hunaswa: wamesoma kanuni sahihi, ila kanuni hiyo haikuandikwa kwa ajili yao.

Anayechagua gari afanye mambo matatu bila kubagua. Aorodheshe kila mamlaka atakayoipita, pamoja na ile atakayosimama kujaza mafuta au kulala, kwa kuwa baadhi ya sheria zinazomvumilia mpitaji hazimvumilii anayelala. Bunduki ifungwe kwa kufuli ndani ya sanduku na kuwekwa kwenye buti, risasi zikiwa mahali pengine. Ujerumani, kwa mfano, inataka silaha inayosafirishwa isiwe tayari kufyatuliwa wala isifikike papo hapo. Na isitolewe njiani kwa sababu yoyote, hata kumwonyesha rafiki mahali pa kupumzikia. Katika England na Wales kubeba bunduki ya upepo mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa, iwe na risasi au isiwe nayo.

Hatari hiyo ya kuonekana haiishii kwenye sheria. Agosti 2014, katika duka moja kubwa mjini Beavercreek, Ohio, polisi walimpiga risasi na kumwua kijana wa miaka 22 aliyekuwa ameshika bunduki ya upepo aliyoitoa kwenye rafu za duka hilohilo. Askari anayeitwa kwa simu kwamba kuna mtu mwenye bunduki hana muda wa kupima juli. Mgeni asiyejulikana mtaani na asiyezungumza lugha ya mahali yuko katika hatari kubwa zaidi ya kutoeleweka.

Kuituma kama kifurushi

Kuhusu njia hii nitasema machache, kwa kuwa inafaa hali chache. Kutuma bunduki kwa klabu ya walenga shabaha au kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa huko uendako, aliyekubali kwa maandishi kuipokea, kunakuepusha na maswali ya uwanja wa ndege, na ikikataliwa, kwa kawaida kinachozuiliwa forodhani ni sanduku. Lakini sheria za uingizaji bidhaa humtazama mmiliki hata kama hajaugusa mzigo, na maelezo ya kudanganya kwenye fomu, kama vile kuandika vifaa vya michezo ili kupita haraka, yanaongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Kampuni nyingi za vifurushi hukataa silaha za aina zote, na mitungi ya gesi hukutana na vikwazo vilevile vya ndege. Kujitumia mwenyewe kwa anwani ya hoteli nisingemshauri mtu yeyote.

Kuiacha na kuazima

Klabu nyingi za kulenga shabaha zina bunduki za kuazimisha au kukodisha zinazotumika hapohapo chini ya uangalizi. Mgeni akilenga ndani ya uwanja wa klabu kwa bunduki ya klabu, mzigo wa leseni kwa kawaida unabaki kwa wenyeji, ingawa ni vyema kuuliza iwapo sheria ya mahali inamruhusu asiye na cheti kuishika. Anachopoteza ni ule uzoefu wa kitako na kifyatulio alichokizoea, jambo ambalo kwa mshindani ni zito na kwa mtu wa mapumziko ni dogo.

Pana mtego mmoja: kununua bunduki huko na kurudi nayo. Mtu aliyeepuka sheria za nchi ya ugenini anaweza kuvunja za kwao, kwa kuwa bei nzuri na mauzo yasiyo na leseni vilivyomvutia dukani havina uzito mbele ya forodha ya nyumbani. Uhalali wa kuuza hauzai uhalali wa kuingiza.

Nani achague ipi

Msafiri wa mapumziko, hata kama anasafiri ndani ya nchi moja yenye majimbo yenye sheria tofauti, namshauri aiache. Faida ya kubeba bunduki yake ni ndogo mno ikilinganishwa na uwezekano wa kupata rekodi ya jinai, ambayo itamfuata kwenye kila ombi la viza na la kazi.

Mwindaji anayekwenda kwenye shamba analolijua, ndani ya mamlaka moja au mbili alizozichunguza, anaweza kutumia gari, akiwa na barua ya mwenye shamba inayotaja tarehe na mahali. Barua hiyo ndiyo inayoigeuza safari yake kuwa na sababu halali, na pasipo nayo ana maneno yake tu.

Mshindani ndiye mwenye hoja ya kupanda ndege na bunduki yake. Aombe barua ya mwaliko ya waandaaji na ya shirikisho lake, zote zikitaja namba iliyochongwa kwenye bunduki. Waandaaji mara nyingi wanazo fomu za kuingiza silaha za muda na huzishughulikia kwa wageni wote pamoja, kwa hiyo fomu irudishwe mapema kabla ya muda wao kuisha. Achague ndege isiyobadilishwa njiani hata kama ni ghali zaidi, na akikwama kwenye kiwanja cha kati asiupokee mzigo kabla hajazungumza na shirika na, ikibidi, polisi wa uwanja. Aambatanishe pia karatasi ya kipimo cha nguvu kutoka kwa fundi, ikionyesha juli, mwendo na uzito wa risasi iliyotumika, kwa sababu tumeona kwamba nchi moja huuliza juli na nyingine huuliza juli pamoja na mwendo.

Siku ya kuondoka, kabla mzigo haujakabidhiwa, apite forodha ya nchi yake na kuomba waandike kwamba bunduki yenye namba hiyo imetoka pamoja naye. Kazi hiyo huchukua muda mfupi watu wakiwa hawajajaa, nayo inamwepusha kuulizwa wakati wa kurudi kama anaingiza silaha aliyoinunua ng'ambo. Akifika mwisho wa safari apite mlango wa wenye vitu vya kutangaza, karatasi zikiwa mkononi, na aanze yeye kusema kabla hajaulizwa.